Mwaka Mheshimiwa Alipotaka Kuzaliwa wa Kwanza

Juma lililopita nilisoma redioni tangazo la kifo cha mtu niliyemfanyia kazi nilipokuwa msichana. Kusoma matangazo ya vifo ndiyo kazi yangu hapa Kasese, asubuhi kabla ya habari na tena jioni watu wakisharudi kutoka mashambani. Nimewasoma majirani, nimemsoma aliyenifundisha kusoma, na sauti yangu haikutetemeka, maana ukianza kulia hewani hutamaliza. Lakini lile tangazo halikuwa kama mengine. Familia ilikuwa imeandika kwamba Mheshimiwa alikuwa mzaliwa wa kwanza wa mama yake, na kwamba ameacha wadogo zake watatu, wakiongozwa na Mzee Baluku wa Kyarumba. Nikalisoma lilivyo, kwa sababu tangazo ni la mwenye msiba, si la msomaji. Nilipozima maikrofoni, kijana anayesimamia mitambo alikuwa ananitazama kupitia kioo, amejishika tumbo kwa kicheko. "Mama," akaniuliza, "tangu lini Baluku inakuwa mdogo ya Kule?"

Mgeni huenda asielewe kilichomchekesha. Sisi Wakonzo jina la kuzaliwa hatulichagui. Linakuja na zamu ya mtoto tumboni mwa mama yake. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Mimi ni Biira, yaani msichana wa pili, kwa hiyo mtu akisikia jina langu tu anajua kuna dada yangu aliyetangulia. Na zamu hiyo haisogei. Hata waliokutangulia wafe wote, wewe wa nne utabaki wa nne mpaka unafukiwa. Mheshimiwa aliitwa Kule. Kusema alizaliwa kabla ya Baluku ni sawa na kusema Aprili mwaka huu imetangulia Januari. Kila mtu kuanzia Muhokya mpaka mpakani analijua hilo, na bado tangazo likaandikwa, nami nikalisoma. Kijana alicheka kwa sababu hakuwapo. Mimi nilikuwapo, na tangu siku ile nimekuwa nikiufikiria mwaka mmoja, ule niliokaa nyumbani kwake.

Alinikuta Bwera, katika soko la Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, nikimnadia mama mmoja nguo za mitumba kwa kipaza sauti cha mkononi. Nilikuwa nimepita miaka ishirini kidogo, nina sauti kubwa na maneno mengi ya utani. Yeye wakati huo alikuwa mwuza samaki wa chumvi, akiwatoa Katunguru na kuwauza kwa Wakongo waliovuka mto, na ndiyo kwanza alikuwa anatafuta kiti cha kuchaguliwa. Kiti gani, sitasema. Kimekaliwa na wengi baada yake na sitaki kuwapaka matope. Alisimama akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Wewe mutoto, hii sauti inaweza kufika Beni bila kulipa gari. Kuya tufanye kazi." Kesho yake nilikuwa juu ya pikapu lenye spika mbili, ninamtangaza.

Nasema wazi kwamba nilimpenda. Si mapenzi ya mwanamke na mwanamume. Nilimpenda kama umati wote ulivyompenda. Alikuwa akipanda juu ya masanduku yake ya samaki, anavua koti, analirusha kwa watu wa mbele. "Munuse!" anawaambia. "Munuse hiyo koti! Inanuka nini?" Watu wanapiga kelele, "Samaki!" Naye anasema, "Wakubwa benyewe banakuyaka hapa na marashi. Mimi nanuka ile munakula. Sasa mutu ya kwenu ni nani?" Hapo soko zima lilikuwa linapasuka. Wanawake wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, ambao hawakuwa hata na kura upande wetu walikuwa wanampigia vigelegele. Na haikuwa uongo, hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Alikuwa anakula na wachukuzi katika sahani moja, anawajua watoto wao kwa majina, na akimwona mzee amesimama juani anampa kiti chake mwenyewe. Nimekutana na wanasiasa wengi tangu hapo, na wengi walijifanya wanapenda watu. Yeye aliwapenda kweli, na nadhani ndiyo sababu alishindwa kuvumilia wazo kwamba siku moja wangeweza kumpenda mwingine.

Nilipewa kitanda nyumbani kwake Kasese, katika chumba cha mama yake. Chumba kilikuwa nyuma, karibu na jiko, chenye vitanda viwili vya chuma na dirisha moja lililotazama mlima. Asubuhi kilinuka moshi na kahawa; mchana, jua la Kasese likiwaka, bati la juu lilikuwa linalia taratibu. Bibi huyo watu wote walimwita Mama Baluku, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu; aliona mwanga na vivuli vya watu, basi. Aliyajua mambo kwa masikio na kwa vidole. Alikuwa anajua nimevaa gauni gani kwa kuligusa, na kama nimekasirika kwa jinsi ninavyoweka kikombe mezani. Hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Kwa hiyo maneno yake yote ninayoyaandika hapa aliyasema kwa Lhukonzo, na mimi ninayageuza.

Jumapili wale ndugu watatu walikuwa wanateremka kutoka Kyarumba na kahawa au maharage, na siku hiyo Mama Baluku hakuruhusu mtu mwingine agawe chakula. Tuliusonga ugali wa muhogo na mtama, ule tunaouita bundu, tukauweka mbele yake ukitoa mvuke, na sombe ya majani ya muhogo na samaki pembeni. Kwa kuwa haoni, alikuwa anakata tonge, anaita jina, na mwenye jina anakuja kulipokea mkononi mwake. Baluku. Bwambale. Masereka. Kule. Wanaume wazima wenye mvi wanapanga mstari sebuleni kama watoto wa shule, wanataniana. Mheshimiwa, aliyekuwa wa mwisho, alikuwa analalamika kila Jumapili. "Mama, kwangu linafika limepoa!" Na mama kila Jumapili alimjibu, "Ungewahi kuzaliwa." Tulicheka wote, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa yeye.

Siku ya kura Mheshimiwa akashinda. Sijui neno la kueleza furaha ya siku ile, na sitajaribu. Mabadiliko hayakuja mara moja. Kwanza lilikuja geti, na kwenye geti akawekwa askari mstaafu tuliyemwita Afande. Wachukuzi waliokuwa wakiingia kula walipofika walikuta, "Simama hapo! Unataka nani? Rudi nyuma!" Halafu makochi ya sebuleni yakaondolewa, kikaletwa kiti kimoja kirefu kilichopakwa rangi ya dhahabu, na wageni wakaanza kukaa chini kidogo kuliko yeye. Halafu akaja Profesa. Hakuwa profesa wa chuo chochote. Alikuwa mtu wa mbali, mwenye miwani na maneno mengi, aliyekuwa amewaandikia wakubwa kadhaa historia za koo zao. Hakujua Lhukonzo, na kwa ajili yake nyumba nzima ikahamia Kiswahili. Ndani ya miezi michache babu yake Mheshimiwa, mtu ambaye Kyarumba nzima ilimkumbuka kwa mizinga yake ya nyuki, akawa mtawala wa mlima aliyesahauliwa na vitabu. Siuzungumzii ufalme unaojulikana wa Wakonzo, wenye watu wake na mambo yake. Huu alijitafutia mwenyewe, wa nyumbani.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mtu aliyechaguliwa na watu kwa shangwe namna ile atake tena taji. Siku hizi nafikiri ninajua. Kura huhesabiwa tena baada ya miaka michache, na yeye alikuwa mwuza samaki. Alijua vizuri bidhaa hukaa siku ngapi kabla ya kuchacha. Umati unaokubeba leo una masikio ya kumsikiliza mwingine kesho. Lakini babu aliyekufa hawezi kubadili mawazo. Ukishapewa kiti na wafu, hakuna aliye hai wa kukunyang'anya. Tena alitaka kukumbukwa. Aliniambia jioni moja, tumekaa barazani akichokonoa meno kwa kijiti, "Biira, hawa watu banasahau mbio sana. Mutu anajenga barabara, mvua moja, barabara inakwisha, na jina yake inakwisha." Nilimhurumia. Bado namhurumia.

Tatizo likawa zamu. Niliwasikia sebuleni wakati mimi na Mama Baluku tunachambua maharage chumbani, mlango wazi kwa ajili ya joto. "Mheshimiwa," Profesa akasema, "mimi nimetembea sana. Mfalme hawezi kuwa mtoto ya nne. Watu watauliza, ule wa kwanza iko wapi?" Mheshimiwa akasema kaka yake yupo, analima kahawa. Kisha Profesa akasema, polepole, kama mtu anayepima kitambaa, "Sasa tukisema wale watatu mama alikuja nao? Kutoka kwa bwana mwingine? Basi mtoto wa kwanza ya ile nyumba ya kifalme ni wewe. Tena ile jina Baluku inarudi kwako." Nilisubiri Mheshimiwa amfukuze. Yeye akasema, "Lakini watu banajua." Profesa akacheka. "Wale wanajua ni wazee. Wazee wanakufa."

Mikono ya Mama Baluku ilikuwa imesimama juu ya ungo. Kiswahili hakujua, lakini majina ya wanawe alikuwa ameyasikia, na neno mama, na neno bwana. "Amesema wale watatu ni wa nani?" akaniuliza. Nilitaka kumdanganya nikashindwa. Alikuwa amenishika kifundo cha mkono. Nikamwambia. Hakulia. Alirudi kuchambua maharage, akasema, "Mume wangu nilimkuta nikiwa binti, na nililala kwa mume huyo huyo mpaka tukamzika. Watoto wote wanne niliwazaa katika nyumba ile. Sasa uzeeni mwanangu ananitafutia mwanamume mwingine." Nilisikia aibu iliyonichoma usoni, kana kwamba maneno yale niliyatunga mimi.

Joho la ufalme lilishonwa Bwera, kwa Papa Kambale, fundi kutoka Butembo aliyekimbia vita na cherehani yake. Kwao wana majina yale yale ya zamu, wanayatamka kwa namna yao tu. Kambale ni mtoto wa pili, Bwambale wetu, na Kule wao humwita Kakule. Nilitumwa kulichukua. Lilikuwa la rangi ya zambarau, lina ngozi ya mbuzi iliyotiwa madoa ya chui kwa wino. Papa Kambale alilikunja kwa uangalifu, maana kazi yake ilikuwa safi, halafu akanong'ona ingawa tulikuwa wawili tu. "Mademoiselle, nasikia anataka kuitwa Baluku. Kaka yake alikufa?" Nikamwambia hapana. Akatikisa kichwa. "Ata kama angekufa. Kwetu Kakule iko Kakule mpaka ku kaburi. Mutu hawezi kuruka mugongo ya mama yake." Nikarudi Kasese na joho mapajani.

Baluku mwenyewe akaitwa aje Kasese. Alikuja katikati ya juma, jambo ambalo halikuwa kawaida, na Afande alimzuia getini mpaka nilipotoka kumwombea. Alikuwa mtu mrefu mwenye mwendo wa taratibu, mikono yake imepasuka kwa kazi ya shamba. Hakukaa katika kiti cha chini alichoonyeshwa, alibaki wima. Mheshimiwa alizungumza naye kwa upole mwingi, tena kwa Lhukonzo, akimwita kaka. Alimweleza lile wazo la Profesa, akisema kwamba ni heshima kwa ukoo mzima, kwamba hakuna atakayepoteza kitu, kwamba ni maneno ya jukwaani tu ya siku moja. Baluku alisikiliza mpaka mwisho. "Ukitaka kutangulia, tangulia," akasema. "Mimi sijawahi kula ukubwa. Chukua hata jina ukiweza kulibeba. Lakini mimi nikisema si mtoto wa baba, mama anakuwa nani? Hilo sitalisema. Na wewe usiliseme." Mheshimiwa akamwahidi halitasemwa. Akamwomba basi aje tu, yeye na wale wawili, wakae nyuma yake siku ya kutawazwa. Baluku akakubali. Kisha akaja chumbani kwetu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama yake akimsugua miguu, wakizungumzia mbuzi.

Sherehe ilifanyika uwanjani Bwera, siku ya soko ili watu wawe wengi. Walivuka kutoka upande wa pili na vitenge vyao vya sikukuu, waliteremka kutoka milimani, na mimi nilikuwa jukwaani na maikrofoni katika gauni lililolingana rangi na joho. Ahadi kwa Baluku ilitimizwa nusu: maneno ya bwana mwingine hayakusomwa, ila Profesa alisoma historia ndefu ambayo ndani yake babu alimzaa baba na baba akamzaa mfalme, na wale watatu hawakutajwa kabisa. Walikuwa wamekaa nyuma na makoti ya kuazima, kama mashahidi wa harusi ya mtu wasiyemjua. Mheshimiwa akavikwa joho. Nikapewa neno la kutangaza, nikalitangaza kwa sauti yangu yote: kwamba sasa Mama Mkuu atamlisha mwanawe tonge la kwanza, kama ilivyokuwa enzi za babu. Hilo lilikuwa wazo la Profesa. Alikuwa ameusikia ule mchezo wetu wa Jumapili na akauona mzuri kwa umati. Mtu wa kwetu angemkataza. Huwezi kumweka mama wa Kikonzo mbele ya bundu la moto, wanawe wote wakiwa pale pale, halafu umwambie amlishe mmoja.

Nilimwongoza Mama Baluku mpaka mezani na, kwa kuwa sauti yake ilikuwa nyembamba, nikamsogezea maikrofoni mdomoni. Akanawa. Akakata tonge. Akaita, "Baluku!"

Mheshimiwa, ambaye jina hilo lilikuwa lake tangu asubuhi, akasogea na kunyoosha mkono. Wakati huo huo nyuma sauti ikaitikia kwa mazoea, "Niko hapa, mama," na Baluku akainuka kabla hajafikiri. Mama alikuwa ameshaugusa ule mkono wa kwanza. Akakipapasa kiganja, akaipapasa pete. Akalirudisha tonge kifuani. "Wewe ni Kule," akasema, na spika zote mbili zikalibeba neno lile mpaka ng'ambo ya mto. "Subiri, mwanangu. Zamu yako inakuja."

Sikuiondoa maikrofoni. Nilimwona Profesa akinipungia mkono kama mtu anayefukuza nyuki, na sikuiondoa. Baluku alikuja akapokea, macho chini. Bwambale akapokea. Masereka akapokea. Muda wote huo Mheshimiwa alisimama pembeni na joho lake zito, jasho likimtiririka, na mimi niliomba kimoyomoyo asiondoke, kwa sababu mtu anayekataa chakula cha mama yake mbele za watu hana tena pa kurudi. "Kule!" mama akaita. Mheshimiwa akapiga magoti. Akalipokea tonge kwa mikono miwili, akalila, na machozi yalikuwa yanamtoka, machozi ya kweli. Sijawahi kusikia kelele kama ile. Wanawake walipiga vigelegele mpaka wakakosa pumzi, wachukuzi walirusha kofia juu. Mwanamke mmoja wa Kikongo karibu na jukwaa alikuwa analia na kusema, "Aki huyu mutu! Huyu ni mutu!" Nami nililia. Nilidhani amepona. Ninaamini hata sasa kwamba watu hawakuwahi kumpenda kama walivyompenda pale, akiwa wa nne, magotini, na kama angelijua hilo asingehitaji kitu kingine maishani. Yeye alisikia kelele akadhani wanamshangilia mfalme.

Kalenda zilikuja mwaka ulipokuwa unaisha, mafurushi kwa mafurushi, za kugawiwa kila nyumba na kila duka. Profesa alizitandaza sebuleni kwa majivuno. Picha ilikuwa nzuri, lazima niseme. Mama yuko kulia amenyoosha mkono, Mheshimiwa amepiga magoti na joho limemwagika nyuma yake, na kati yao lile tonge. Nyuma ya Mheshimiwa, pale ndugu walipokuwa wamesimama na matonge yao, sasa kulikuwa na mlima na mawingu tu. Chini yake imeandikwa Mfalme Baluku na Mama Mkuu. Mama Baluku alisikia karatasi zinachakarisha, akaniomba moja. Akaipitishia vidole, lakini karatasi ilikuwa laini tupu. "Kuna nani humu?" akaniuliza. Nikasema, wewe na Mheshimiwa. "Na wengine wamesimama wapi?" Nikamwambia hawapo. Aliniuliza tena kama nimetazama vizuri, na nikasema nimetazama vizuri.

Aliniambia nimfungie nguo zake. Mheshimiwa alipopata habari alikuja chumbani kwetu, akajaribu kwanza kucheka, halafu kubembeleza. Mama anaenda wapi na mvua hii? Kyarumba kuna umeme? Kuna daktari? Watu watasema nini wakisikia mama wa mfalme analala nyumba ya udongo? Mama Baluku alimwacha amalize. "Mwanamke wa kwenye picha yako ana mtoto mmoja," akasema. "Mimi si yeye. Mtafute, umlete, umpe kitanda hiki." Mheshimiwa akanitazama mimi nimsaidie, na nilitazama dirisha.

Alitupeleka mwenyewe kwa gari lake mpaka pale barabara inapokoma, Profesa na mpiga picha wakiwa nyuma kwenye gari lingine. Kutoka pale ni njia ya miguu, mwinamo mkali, na wagonjwa na wazee hubebwa kwa machela ya miti, watu wanne, wawili mbele na wawili nyuma. Wale ndugu watatu walikuwa wamekwisha kuteremka, wameitandika blanketi. Tukamlaza mama, tukamfunika kitenge kwa sababu manyunyu yalikuwa yameanza. Baluku na Bwambale wakashika mbele. Masereka akashika nyuma. Ncha ya nne ya miti ile ilikuwa bado chini, na watu wa kituo kile kidogo cha biashara walikuwa wametoka madukani wanatazama. Jirani mmoja akasogea kuishika. Ndipo Mheshimiwa akavua koti, akamsukuma kando kwa upole, akauinua mti begani. Nilihisi moyo wangu ukifunguka. Tukaanza kupanda, mimi pembeni na furushi la nguo kichwani.

Mpiga picha alikimbia mbele yetu akipanda kinyumenyume. "Mheshimiwa, tazama hapa kidogo!" Akatazama. Akatabasamu. Ikapigwa, ikapigwa tena. Kwenye kona ya kwanza, kituo kilipokwisha kupotea nyuma ya migomba na hakukuwa na wa kututazama, alimwita yule jirani aliyekuwa anafuata. "Shika kidogo," akamwambia kwa sauti ya chini, akampa mti, akapangusa bega. Nilisikia viatu vyake vikiteremka kwenye matope, na muda mfupi baadaye mlango wa gari.

Masereka alitema mate pembeni. Tulipanda mpaka mahali ambapo watu hupumzika, wakaiweka machela juu ya mawe, na Mama Baluku akatoa kichwa nje ya kitenge, macho yake meupe yakitazama mawingu.

"Na Kule?" akauliza. "Bado amebeba?"

Baluku alikuwa mbele, mgongo kwetu. Hakugeuka.

"Amebeba, mama," akasema. "Yuko hapo nyuma yako."

"Ndiyo maana haiyumbi," mama akasema, akajifunika tena.

Wakainua. Yule jirani, aliyekuwa amefungua mdomo, akaufunga, akaushika mti kwa mikono yote miwili, akajitahidi machela isiyumbe.